Barua ya wazi kwenu mnaopokea wageni kazini

Wanangu mlioajiriwa, nanyi mlioanza kuitwa wakuu wa idara,

Salamu kwanza. Kisha niseme kilichoniudhi.

Mtu anaacha kazi baada ya miezi saba. Siku ya mwisho anaandika kwenye kundi la WhatsApp la ofisi: "Asanteni kwa yote, Mungu awabariki." Vinafuata vidole gumba 11, kisha mmoja anamvuta mwenzake chemba na kuuliza: "Huyu ndiye nani?" Wamekaa chumba kimoja miezi saba! Nimeliona hili zaidi ya mara moja, na kila mara wanaobaki husema aliyeondoka alikuwa mtu wa kujitenga. Hapana. Mlimtenga ninyi, bila kukusudia, tangu siku ya kwanza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku hizi jembe anakabidhiwa saa mbili asubuhi ya siku ya kwanza, halafu anaachwa nalo. Mmesoma miaka mingi na hakuna aliyewafundisha kumpokea mtu, basi nisikilizeni.

Kabla hajafika, mteulieni mwenyeji: mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Mkisema "sote tutamsaidia", hakuna atakayemsaidia. Mwenyeji asiwe bosi wake, maana kuna maswali ambayo mtu hamwulizi yule atakayemjazia fomu ya tathmini. Choo kiko wapi? Chai analipa nani? Huyu mama akinyamaza amekasirika, au ndivyo alivyo? Na mwenyeji huyo apunguziwe kazi zake, walau saa moja kila siku kwa wiki ya kwanza. Msipompunguzia, mgeni atakuwa kero kwake, na mgeni atalisoma hilo usoni kabla ya adhuhuri.

Msimzungushe meza zote 20 akipeana mikono. Atarudi kitini hana jina hata moja kichwani, ataona haya kuuliza tena, na haya hiyo itakaa kati yenu miezi. Watu watano wanatosha, wale atakaoshika nao kazi wiki hiyo. Kila mmoja ataje jina lake na jambo moja analoweza kuulizwa: "Risiti zikigoma, njoo kwangu." Jina lililofungwa kwenye shida halisahauliki upesi. Mpeni pia kazi ndogo inayoweza kuisha siku hiyohiyo, ili arudi nyumbani akiwa amemaliza kitu. Saa ya kula, mwenyeji amfuate kitini. Asimwite kwa mbali.

Kisha lile swali lenu, "Umeshazoea?" Liacheni. Lina jibu moja tu, "ndiyo, nashukuru", maana nani atasema hapana mbele za watu? Ulizeni: "Jana ulikwama wapi?" Hapo mmeshakubali kwamba kukwama kupo, naye anapata nafasi ya kusema. Mwulizeni kila siku wiki ya kwanza, kisha mara mbili kwa wiki mpaka mwezi uishe. Mwisho wa mwezi ongezeni: "Kitu gani hapa kinakushangaza?" Akijibu, msimbishie. Macho yake bado mapya. Akishakaa nanyi sana hatayaona tena mnayoyavumilia kila siku. Anayefanya kazi akiwa nyumbani mpigieni simu, dakika 15 zisizo na ajenda, kwa sababu ujumbe ulioandikwa haumwambii kama mnatabasamu au mnamgombeza.

Najua mtasema hamlipwi kwa hayo. Kweli, na hapo ugomvi wangu ni na wenye kampuni. Wanaiita ofisi familia, kisha wanawaaga watu kwa barua pepe ya mistari minne. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, hali ya mtu kuchoshwa na kazi hadi kuishiwa. Halikuiita ugonjwa. Lilisema inatokana na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa, na dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuikinai kazi, na kujiona hufanyi lolote la maana. Mtu aliyefika hapo analetewa semina ya saa mbili, na mzigo wake unabaki uleule. Wakubwa, upunguzeni mzigo.

Nanyi vijana, msingoje barua ya ajira iwaletee maana. Mtafiti Adam Grant aliwachunguza watu waliokuwa wakipiga simu kuchangisha fedha za chuo kikuu kimoja Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Baadhi yao walikutanishwa kwa dakika chache na mwanafunzi aliyesomeshwa kwa fedha hizo. Mwezi mmoja baadaye walikuwa wakidumu kwenye simu zaidi na kukusanya zaidi. Kazi ilikuwa ileile; walikuwa wamemwona mtu. Basi fuateni kazi zenu hadi zinakoishia. Unayetengeneza programu ya hospitali, kaa nusu saa nyuma ya karani anayeitumia. Utaona kitufe anachokibonyeza mara tatu huku foleni ikimwangalia, na ukirudi mezani utajua unamtengenezea nani.

Shukrani nayo iwe na mwili. "Asante kwa kazi nzuri" inapita tu. Taja alichofanya na kilichookolewa: "Jana uliona tarehe ya mkataba imekosewa, bila wewe tungelipa faini." Iseme ndani ya siku moja, kabla haijapoa.

Mengine nayataja tu. Kuleni mbali na meza za kazi, walau mara mbili kwa wiki. Ugomvi usemwe kwa mdomo, usiandikwe. Wekeni marafiki wasiojua hata mnafanya kazi gani. Ondokeni kwa wakati. Na mkimwambia mtu "pole na kazi", simameni mpaka ajibu.

Jumatatu kuna anayeanza kazi kwenu, kama si idarani basi ghorofa ya juu. Mwenyeji wake ni nani? Na yule aliyeaga Ijumaa, namba yake bado imo kwenye kundi. Mpigieni kabla haijaondolewa, na mwanze kwa kumwita jina.

Ni mimi, mzee wenu.