Maungamo yasingoje Juma Kuu

Mhariri,

Kila Juma Kuu parokia zetu za Mtwara na Lindi hujaa watu wanaotaka kuungama kabla ya Pasaka. Padre ni mmoja, foleni ndefu, kila mmoja anapata dakika mbili tatu. Haraka hiyo huzaa maungamo mabovu.

Kanuni ya 988 ya sheria za Kanisa Katoliki inamtaka mwamini ataje dhambi zake za mauti kwa aina na idadi. Kusema tu "nimekosa kwa mawazo na maneno" hakutoshi. Sema: nimeapa uongo mara mbili mbele ya baraza. Ya mume au jirani mwachie mwenyewe. Dhambi uliyoisahau imesamehewa, utaitaja utakapoungama tena. Uliyoificha makusudi kwa aibu inabatilisha maungamo yote. Anayehofu kwamba padre anaijua sauti yake akumbuke kanuni ya 983: siri ya maungamo haivunjwi kwa sababu yoyote ile.

Panapotushinda zaidi huku kwetu ni amri ya saba, usiibe. Minada ya korosho hufunguliwa Oktoba na kuendelea hadi Majilio, majuma ya kabla ya Noeli, na majaribu yake tunayajua. Aliyenunua korosho kwa kangomba, yaani kwa bei ya chini nje ya mnada, kwa mkulima mwenye njaa, aliyetia kokoto guniani, aliyechezea mizani, huyo hamalizi kwa Salamu Maria tatu. Ondoleo la dhambi linamrudishia neema, lakini haki ya mtu bado iko mikononi mwake na lazima airudishe. Akiona haya, amwombe padre amfikishie mhusika fedha bila kutaja jina. Mwenye mali akiwa amefariki, wapo warithi; wasipopatikana kabisa, wapewe maskini. Mwenye uwezo asiyekusudia kurudisha hajajuta bado, ndiyo maana anaungama jambo lilelile kila mwaka. Hili tulifundishe waziwazi, hata kama litatuudhi.

Robo saa usiku wa kuamkia maungamo inatosha kutafiti dhamiri, amri kwa amri. Malipizi anayokupa padre yatimizwe siku hiyohiyo, kabla hayajasahaulika.

Ombi langu kwa viongozi wa jumuiya ndogondogo: pangeni zamu na paroko tangu Jumatano ya Majivu, Kwaresima inapoanza, jumuiya mbili au tatu kwa wiki. Na vigangoni, ambako padre hafiki kila Jumapili, katekista atangaze mapema siku ya Misa ili wanaotaka kuungama wafike saa nzima kabla haijaanza.

Katekista,
Masasi, Mtwara