Ruba wakavu: wakate mkiani

Mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeuliza jinsi ya kutambua kwa vinasaba ruba wakavu wanaouzwa kama dawa ya Kichina. Swali lako ni zito, kwa sababu famakopia ya China, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inakubali ruba wa spishi tatu chini ya jina moja la shuizhi: Whitmania pigra, Whitmania acranulata na Hirudo nipponica. Huyu wa mwisho hunyonya damu, ilhali Whitmania pigra hanyonyi damu kabisa, hula konokono. Ndiyo maana famakopia hiyo inataka kila gramu ya Hirudo iwe na angalau yuniti 16 za nguvu ya kuzuia thrombini (kimeng'enya kinachogandisha damu), na kila gramu ya Whitmania yuniti 3 tu. Mgonjwa akipewa mmoja kwa jina la mwingine, kipimo cha dawa kinakuwa cha kubahatisha.

Yote yanategemea mahali utakapomkata. Usiguse katikati. Tumbo la Hirudo huhifadhi damu ya mnyama aliyenyonywa kwa miezi, na la Whitmania huwa na konokono. (Wapo watafiti wanaotafuta wanyama wa msituni kwa kusoma damu iliyomo tumboni mwa ruba, kwako wewe damu hiyo ni uchafu.) Geuza ruba wako, tafuta kile kikombe cha kujishikizia kilicho mkiani, kigumu kama kifungo kidogo cha shati. Hapo ni misuli mitupu. Chukua kipande kisichozidi miligramu 25, kioshe kwa ethanoli ya asilimia 70, kisha kwa maji safi mara mbili au tatu, maana wapo wauzaji wanaotia chumvi au shabu kuongeza uzito. Kikatekate vipande vyembamba mno, ukibadilisha wembe kwa kila ruba.

Tia mikrolita 180 za bafa ya kuyeyushia na 20 za proteinasi K, kimeng'enya kinachomeng'enya protini, uache kwenye nyuzi 56 za Selsiasi usiku kucha. Asubuhi ukiona maji yanavutika kama ute wa bamia kwenye ncha ya pipeti, safisha tena. Ute huo huzuia PCR (mbinu ya kunakili kipande cha vinasaba mara nyingi) hata kama vinasaba vipo tele. Kuzimua mara kumi mara nyingi hutosha. Ikigoma, ongeza kwenye PCR albumini ya ng'ombe, protini inayonasa vizuizi.

Kwa COI, jeni ya mitokondria inayotumika kutambua spishi, tumia praima (vipande vifupi vya kuanzishia unakili) za Folmer za 1994, LCO1490 na HCO2198, mizunguko 35, praima zishikane kwenye nyuzi 48 hivi. Utegemee kipande cha herufi 658 za vinasaba. Ruba aliyekaangwa kwa unga wa talki vinasaba vyake huwa vimekatika, hivyo kipande kirefu hakitatoka. Tafuta praima za vipande vifupi, herufi 150 hadi 200. Usisahau mrija mmoja usio na ruba; ukitoa mstari kwenye jeli ya kupimia vipande, kuna uchafu, tupa kazi yote ya siku hiyo.

Soma mfuatano wa herufi kutoka pande zote mbili, kisha ufasiri kuwa protini kwa jedwali namba 5 la msimbo wa vinasaba, la mitokondria za wanyama wasio na uti wa mgongo. Ukitumia la kawaida, TGA itaonekana kama kituo (alama ya mwisho wa protini), kumbe ni triptofani, asidi amino. Kituo kikibaki hata kwa jedwali sahihi, huenda umenasa nakala ya jeni hiyo iliyohamia kwenye kiini cha seli. Vilele viwili mahali pamoja kwenye chati ya usomaji, huenda umechanganya wanyama.

Usidharau majina ya lebo. Mwaka 2007 mtafiti wa ruba Mark Siddall na wenzake walionyesha kuwa ruba waliouzwa kwa hospitali kama Hirudo medicinalis walikuwa Hirudo verbana. Wao hawakutegemea mitokondria peke yake, kwa kuwa hizo hufuata ukoo wa mama tu, chotara hazimwoni. Nawe ukiwa na shaka, ongeza jeni ya kiini.

Kabla ya kukata, mpige picha kila ruba pamoja na rula, na mwili uliobaki uuweke kwenye mfuko wake mkavu wenye namba ya kifurushi. Matokeo yakipingwa, hapo ndipo utakaporudi kukata tena.

Wako akupendaye.