Barua ya Wazi kwa Afisa Elimu Msingi wa Wilaya Yetu: Tunaomba Nusu Saa

Ndugu Afisa Elimu,

Mimi ni mwalimu wa Darasa la Pili katika shule yako mojawapo huku Kanda ya Ziwa. Darasani nina watoto 112. Uwiano wa serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, nawe unajua watoto walivyofurika elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016. Hilo silo lililonifanya niandike. Naomba nusu saa ya wanafunzi wakubwa kuwasomesha wadogo.

Muhula uliopita mtoto wangu mmoja alikwama. "Ba" anaisoma, "mba" inamshinda. Kwao wanaongea Kisukuma, nami Kisukuma changu ni cha salamu tu. Siku moja nikamkuta chini ya mwembe na msichana wa Darasa la Sita, jirani yao. Msichana kaandika "mbu" mchangani, kaeleza kwa Kisukuma, kisha kaongeza "zi". Mbu kawa mbuzi! Mtoto alicheka, akasoma.

Tukajaribu kwa hiari: watoto 12 wa la Sita, kila mmoja na wadogo wawili, siku tatu kwa wiki, saa ile mkondo wa asubuhi unatoka na wa mchana unaingia. Hesabu walitumia vijiti vilivyofungwa makumi makumi. Kwenye 52 kutoa 27, mtoto alifungua fungu moja kwa mikono yake kabla hajasikia neno "kukopa". Mvulana mmoja wa la Sita nilimchagua makusudi kwa kuwa hesabu zinamsumbua. Akawa anakuja ofisini kuuliza kabla ya kipindi, asije akaumbuka mbele ya wadogo zake.

Tulisimamishwa. Tuliambiwa kipindi hicho hakimo kwenye ratiba, na mzazi mmoja akaja juu: "Nimeleta mtoto asome, sikumleta awe mwalimu."

Mzazi ana hoja. Mwaka 1798 Joseph Lancaster alianzisha shule London ambako wanafunzi wakubwa walifundisha wadogo, mwalimu mmoja akisimamia mamia. Ilisifiwa kwa unafuu wa gharama, ikalaumiwa kwa kukaririsha. Kiranja kushika chaki mbele ya darasa zima huku mwalimu yuko semina (tunafahamiana, Ndugu Afisa) siko kufundishana ninakokuombea kibali.

Ninachoomba ni waraka mfupi kwa walimu wakuu: nusu saa, siku tatu, ndani ya ratiba, mwalimu akiwepo. Wakubwa waandaliwe kila Ijumaa, na wabadilishwe kila muhula ili asiwepo anayekosa masomo yake. Mdogo asomeshwe aya moja mwanzoni na mwishoni mwa muhula, tuone kama amesogea. Fedha hatuombi. Vijiti tunavyo.

Ratiba mpya tunaipanga wiki ya kwanza ya Januari. Waraka ukifika kabla ya hapo, mwalimu wa taaluma ameshaniahidi nafasi.

Wako katika kazi,
Mwalimu wa Darasa la Pili