Malalamiko kuhusu ladha ya ramu "isiyo na kileo" na mtambo wa kopa unaoshika sumaku

Sinza,
Dar es Salaam.

Kwa Meneja Mauzo,
Duka la Vifaa na Viungo vya Keki,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: LADHA ZA RAMU ZILIZOFUNIKWA LEBO, NA MTAMBO MDOGO WA MVUKE USIOLINGANA NA MAELEZO YENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa muda mrefu. Naoka keki za harusi, kipaimara, maulidi na kichenpati hapa Sinza. Rangi, aisingi na maboksi yangu yote nimekuwa nikichukua kwenu, na sijawahi kuwasumbua. Nilipoona tangazo lenu la kifurushi cha ramu, yaani chupa tatu za ladha ya ramu, ile pombe kali ya miwa, pamoja na mtambo wa kopa tupu (shaba nyekundu) wa kutengenezea ladha zako mwenyewe nyumbani kwa mvuke, nililipa shilingi 850,000 siku hiyo hiyo. Nakala ya risiti ya EFD nimeiambatisha.

Naanza na chupa, kwa sababu ndizo zilizoninyima usingizi.

Zote tatu zina stika ya Kiswahili isemayo: "Haina kileo. Inafaa kwa wote." Maneno hayo ndiyo yaliyonitoa hela mfukoni. Wateja wangu wengi ni Waislamu, na wapo wanaoipenda sana keki ya matunda yenye harufu ile ya ramu, ila hawataki hata tone la pombe ndani yake. Miaka yote nilikuwa nawaambia haiwezekani, chukueni vanila. Stika yenu ikanifanya nibadilishe jibu.

Chupa ya "ramu nyeusi" niliiweka kwenye friji. Nilipoitoa ikatokwa jasho, stika ikaanza kunyanyuka pembeni, nikaivuta. Chini yake ipo lebo ya kiwandani iliyochapwa kwa herufi ndogo za Kiingereza, na kwenye orodha ya viambato cha kwanza kabisa ni ethanoli. Kinafuata propilini glikoli, ambacho ni kiyeyushi kingine, halafu vionjo, halafu rangi ya karameli. Ethanoli ndiyo kileo chenyewe, ile ile iliyomo kwenye bia na kwenye gongo. Na kwa kuwa viambato hupangwa kuanzia chenye uzito mkubwa, kilichotajwa kwanza ndicho kingi kuliko vyote humo ndani. Nikazichukua zile chupa nyingine mbili, nikazishika juu ya mvuke wa birika, stika zikaachia. Mambo ni yale yale.

Aliyebandika alifanya kazi yake kwa umakini, hilo nampa. Stika imekatwa ikatosha juu ya viambato tu. Jina la ladha na picha ya muwa vimeachwa vionekane. Kwa hiyo msiniambie kwamba ni tafsiri ya Kiswahili iliyokosewa.

Sina ugomvi na ethanoli kama kiyeyushi. Watengeneza ladha duniani kote wanaitumia, maana harufu nyingi hazikubali kuyeyuka vizuri kwenye maji. Hata vanila halisi hukamuliwa kwa kileo, na kwa kanuni za Marekani kileo chake kisipofika asilimia 35 hairuhusiwi kuuzwa kwa jina hilo la dondoo la vanila. Mngeacha lebo ionekane, kila mtu angesoma na kuamua mwenyewe. Asiyetaka angeiacha rafuni.

Kijana wenu wa kaunta nilipompigia simu alinijibu, "Dada, hiyo kwenye oveni inaisha yote, usijali." Haiishi. Wizara ya Kilimo ya Marekani ina jedwali lake kuhusu jambo hili: kileo kilichochanganywa kwenye kitu kikaokwa saa moja, hubaki kama asilimia 25 yake. Ukikipika saa mbili na nusu, bado inabaki kama asilimia 5. Na hapo tunaizungumzia keki yenyewe. Krimu ya juu haiingii kwenye oveni, wala ile sharubati ninayoinyunyizia keki ikishapoa, ambayo ndiyo inayobeba ladha kubwa kuliko yote. Nawaomba mmfundishe kijana huyo, kwa sababu najua si mimi peke yangu niliyepewa jibu hilo.

Wakati nayagundua haya, keki zilishaliwa. Mojawapo ilikuwa ya ndoa ya Magomeni. Mama wa bibi harusi aliniuliza kwa kinywa chake kama ina kileo, nami nikamsomea stika yenu neno kwa neno. Ilibidi nimpigie, nimweleze ukweli, na nimrudishie hela yake. Alikaa kimya kidogo kisha akasema, "Mwanangu, wewe hukujua. Aliyejua ni aliyebandika." Hela aliipokea, na ni haki yake. Oda ya mtoto wake wa pili, niliyokuwa nimeahidiwa, imeenda kwa mtu mwingine.

Niseme pia kuhusu ladha zenyewe, kwa kuwa mnaziuza kwa bei tatu tofauti: nyeupe, nyeusi na ya viungo. Nilikata vipande vya karatasi ya kuchujia kahawa, nikachovya kimoja katika kila chupa, nikaviacha dirishani mpaka kileo kikapaa, kisha nikamwita jirani anuse akiwa amefumba macho. Hakuweza kuvitofautisha, nami sikuweza. Nyeusi ni nyeupe iliyotiwa karameli. Ya viungo nimeisaka mdalasini, nimesaka karafuu, nimesaka hata tangawizi ya kusingizia, sijaona kitu zaidi ya vanila ya maabara. Kuuzia watu wa Dar es Salaam viungo visivyo na viungo, huku Zanzibar iko hapo ng'ambo, kunahitaji moyo.

Ramu zenyewe hazifanani, na ndiyo maana zina majina tofauti. Hutengenezwa kwa molasi, yaani ule uji mzito unaobaki sukari ikishatolewa, au juisi ya miwa. Zile nzito za Jamaika hupata harufu ya ndizi mbivu na nanasi kutokana na esta, yaani kemikali za harufu, zinazozaliwa molasi inapoachwa ichache kwa muda mrefu. Rangi ya kahawia na ile harufu ya vanila na mbao hutoka kwenye mapipa ya mwaloni. Ladha ya chupa huiga mambo hayo kwa esta za kiwandani, kama ethili fomati inayoleta ule ukali wa ramu puani, na ethili butireti inayonukia nanasi. Kuiga si kosa. Lakini ukiandika "nyeusi", basi niikute hiyo mbao na hiyo sukari iliyoungua, siyo rangi tu.

Sasa mtambo.

Niliutaka ili nijitengenezee maji ya harufu na mafuta ya maganda ya machungwa, mchaichai, mdalasini na karafuu, nipunguze kutegemea chupa. Tangazo lilisema "kopa tupu". Kifuniko kilianza kuchubuka mapema, na rangi iliyotokea chini yake ilikuwa ya fedha. Nikaubeba hadi Gerezani kwa fundi wa mabati. Hakuuliza swali. Alitoa sumaku mfukoni, akaigusisha kwenye tumbo la mtungi, ikang'ang'ania hapo hapo. Kopa haishiki sumaku. Akapitisha tupa mara mbili kwenye ukingo wa chini, chenga nyekundu kidogo zikaanguka, kisha ikabaki chuma. Akanirudishia mtungi wangu akiniambia, "Dada, hapa umeuziwa rangi." Watu hutaka kopa kwenye mitambo hii kwa sababu inapitisha moto vizuri na inakamata harufu mbaya za salfa. Chuma kilichopakwa kopa kikichubuka, kinaota kutu ndani ya kitu kinachokwenda kuliwa.

Kilichomtisha fundi zaidi ni maungio ya bomba. Lehemu yake ni laini, ya kijivu iliyofifia, ukiikwaruza kwa ukucha inabaki na alama. Anashuku ina risasi, yale madini yenye sumu. Yeye hana maabara, mimi sina maabara, ndiyo maana nawataka nyinyi mniletee cheti cha mtengenezaji kinachosema lehemu ni ya aina gani. Risasi huyeyuka kidogo kidogo kwenye vitu vyenye asidi na kwenye kileo, na ikiingia mwilini inakaa. Marekani wapo watu waliodhurika kwa kunywa pombe iliyopikwa kupitia rejeta kuukuu za magari, kwa sababu ya lehemu hiyo hiyo. Mimi nalisha watoto wa watu kwenye sherehe.

Kipimajoto nacho kilisimama kwenye 91 maji yakiwa yanatokota kabisa. Sinza iko karibu na usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kisingizio cha mwinuko waachieni wakazi wa Njombe. Mpira wa kuzibia kifuniko ulilainika na kunuka tairi mara ya kwanza mvuke wa machungwa ulipoupitia. Sasa natumia donge la unga uliokandwa kwa maji, ushauri wa bure wa yule fundi, na linaziba vizuri kuliko mpira wenu.

Na kile chombo cha kutenganishia mafuta na maji kimetengenezwa kwa mafuta yanayoelea tu: maji yanatokea chini, mafuta yanabaki juu. Kwa mchaichai ni sawa. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama. Kwa hiyo mafuta niliyoyatafuta yote yalipita chini pamoja na maji, nikayamwaga kwenye sinki, na jiko zima likanukia dawa ya meno. Kule Pemba, kwenye kiwanda cha Wawi kinachokamua mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, hakuna mfanyakazi asiyelijua hili. Kwenye boksi lenu karafuu imechorwa mbele kabisa, tena kwa rangi.

Kuna jambo jingine ambalo lingeweza kunipeleka pabaya. Ndani ya boksi mmeweka kijitabu cha Kiswahili chenye ukurasa mzima wa "Pika ramu yako nyumbani", na muuzaji wenu alinihakikishia kwamba mtambo hauna masharti yoyote hapa nchini. Mimi sipiki pombe. Ila majirani waliona bomba, ndoo ya maji na mvuke unatoka dirishani, wakamwita mjumbe, na siwalaumu. Mjumbe alikuja kwa heshima, "Mama, hapa unapika nini?" Nikamnusisha mchaichai, akacheka. Alicheka mpaka alipokiokota kijitabu chenu mezani. Tuna sheria ya pombe ya moshi tangu mwaka 1966, na kupika pombe kali bila leseni ni kesi, iwe imeitwa gongo au ramu. Mnamwekea mteja maelekezo ya kutenda kosa ndani ya boksi, halafu mnamwambia hakuna masharti! Ilibidi mwenye nyumba aje anitetee.

Nimewasiliana nanyi kwa simu na kwa WhatsApp. Majibu yenu yamekuwa "tutakurudia dada", kisha tiki za bluu, na mwisho picha ya kibao chenu cha "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Kibao hakiko juu ya sheria. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Na tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, ambao nina hakika wangependa kuona lebo iliyofunikwa juu ya viambato.

Ninachotaka ni hiki. Mnirudishie shilingi 850,000 zote, na mje wenyewe kuchukua mtambo, kwa sababu nauli ya kuubeba tena siitoi. Mnilipe pia hela niliyomrudishia mteja wangu wa Magomeni. Ushahidi wa muamala ninao. Chupa zote zilizobaki dukani ziondolewe stika leo, na wote waliozinunua watumiwe ujumbe kwa namba zile zile mnazotumia kuwatangazia ofa, waambiwe wazi kwamba zina kileo. Hili la mwisho ndilo ninalolihitaji kuliko hela, kwa kuwa waokaji wenzangu wa Mbagala, Tabata na Temeke bado wanawasomea wateja wao ile stika. Kijitabu kitolewe kwenye maboksi. Cheti cha lehemu nikipate kwa maandishi, na kama hamna, muwaambie waliokwisha kununua mitambo waache kuitumia kwa chochote kinacholiwa.

Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Chupa tatu, stika zake na mtungi uliokwaruzwa na fundi nimevihifadhi kama vilivyo, na picha ziko kwenye viambatisho. Msiponijibu, nitavipeleka mwenyewe kwa wanaohusika.

Wenu,

Mteja,
Mwokaji wa keki, Sinza

Nakala:
Tume ya Ushindani, Dar es Salaam
Shirika la Viwango Tanzania, Ubungo