Barua kwa Zuhura, aliyekabidhiwa funguo za chumba cha seva

Cheyo, Tabora
Jumapili jioni

Kwako Zuhura,

Dumu la mawese limefika na treni, halikuvuja hata tone. Mungu akubariki, shoga yangu. Asali yako nimeshaifunga kwenye debe, namngoja mtu wa kuaminika anayekuja Kigoma, maana safari ile ulipata nusu debe na maelezo mengi.

Sasa hii habari ya kukabidhiwa kanzidata, yaani ghala la kumbukumbu za kompyuta, ya ofisi nzima: hongera, na pole. Kazi hii ikienda vizuri hakuna anayejua kama upo. Umeniuliza uanzie wapi. Ya darasani utayasoma. Mimi nakuandikia yaliyonitoa jasho tu.

Anzia kwenye bakapu, ile nakala ya akiba ya data. Najua utasema ipo, inajiendesha kila usiku. Yangu pia ilikuwa inajiendesha. Kwenye ile ofisi niliyoanzia kazi, kila asubuhi nilifungua folda, nikaona faili jipya lenye tarehe ya leo, nikaenda zangu kunywa chai. Siku moja umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi kwa nguvu, diski ikafa. Sikutetemeka. Nikachukua faili la jana usiku, nikaanza kulirudisha, kazi ikaisha kwa sekunde moja. Sekunde moja, Zuhura! Nikatazama ukubwa: baiti 0. La juzi, 0. La wiki iliyopita, 0. Kumbe wiki 5 nyuma mtu alibadilisha nywila ya kanzidata bila kugusa programu ya kunakili. Kila usiku programu inagonga, inakataliwa mlangoni, na faili tupu linazaliwa hivyo hivyo, na jina lake na tarehe yake. Mimi nilikuwa nasoma jina la nje, sijawahi kuinua kifuniko.

Tulitoa maboksi ya stakabadhi, tukakaa watu 4 kwa siku 9 kuingiza upya malipo ya wakulima. Nakala za kaboni, nyingine zimefifia hata 3 na 8 huzitofautishi. Mpaka leo nikiisikia ile harufu ya kaboni tumbo linanikaza.

Na usidhani ni mambo yetu ya mikoani. Tarehe 31 Januari 2017, kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake hasa ni kuwatunzia waandishi wa programu kazi zao, mhandisi wao alifuta data usiku akidhani yuko kwenye seva (kompyuta inayotunza data) ya pili, kumbe yuko kwenye seva kuu. Aliposhtuka na kusimamisha, katika gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Wakakimbilia bakapu, wakakuta hazipo: toleo la programu ya kunakili halikulingana na la kanzidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Data ya saa hizo 6 ikaenda na maji. Ila walieleza kila kitu hadharani, na kwa hilo nawavulia kofia. Mimi niliposoma habari ile nililipaka dirisha la seva kuu rangi nyekundu na la majaribio kijani. Walinicheka ofisini. Wacheke.

Siku hizi kila Ijumaa narudisha bakapu kwenye kompyuta nyingine, nahesabu mistari, natafuta malipo ya mwisho ya Alhamisi. Nikiyaona ndipo naiita bakapu.

Halafu kuna Excel, ile programu ya majedwali. Orodha za wanachama watakuletea kwenye Excel, zoea. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Excel ikiichukua kama hesabu inashika 15 za mwanzo, zilizobaki inazigeuza sifuri, tena bila kupiga kelele. Mimi nilizinduliwa na Kulwa na Doto, mapacha, waliozaliwa siku moja na kuandikishwa pamoja, namba zao zinatofautiana mwishoni tu. Walipopita kwenye Excel wakawa mtu mmoja, mkopo wa Doto ukatokea kwa Kulwa. Kulwa alikuja dirishani, hakutukana. Aliweka vitambulisho viwili mbele yangu akasema, "Dada, mama yetu alizaa wawili." Na namba za simu zinapoteza 0 ya mbele. Kitu usichokijumlisha wala kukitoa, kihifadhi kama maandishi.

Saa usimwachie karani aandike. Wa kwetu aliandika 3:00 akimaanisha saa tatu asubuhi, mfumo ukaona usiku wa manane. Seva yenyewe ijiwekee, na uikague isiwe inafuata saa za Greenwich, itakuwa nyuma yetu kwa saa 3.

Kabla ya kubadilisha chochote kwenye seva kuu, andika SELECT, amri ya kutazama tu, yenye sharti lile lile la badiliko lako. Ukitarajia mstari 1 ukaona 4,000, mshukuru Mungu, bado hujaharibu. Kisha anza badiliko na BEGIN, ili ROLLBACK, amri ya kurudisha mambo yalivyokuwa, iwe karibu.

La mwisho halimo kwenye kitabu chochote nilichosoma. Ipo siku mkubwa wako atakuja mwenyewe, atavuta kiti, atashusha sauti: "Hebu rekebisha salio hili hapo kwa nyuma, ni kosa dogo tu." Huenda kweli ni kosa. Mwambie kwa adabu, "Sawa bosi, niandikie." Kwangu wamekuja watatu. Aliyeandika ni mmoja.

Ijumaa basi, rudisha bakapu yako, unitumie meseji: ilichukua dakika ngapi, na faili lina ukubwa gani. Usiniandikie "ipo".

Wasalimie nyumbani, na mama mkubwa umpe shikamoo yangu.

Mwenzio,
Neema

N.B. Debe la asali likifika, fungua kifuniko mbele ya aliyelileta.