Simu kazini: tusikimbilie kufukuza watu

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nami niseme langu kuhusu hili la wafanyakazi kuingia mitandaoni kwa kujificha wakati wa kazi, maana naona waajiri wenzangu kila tukikaa ni kulalamika na dawa tunayoijua ni moja tu, fukuza.

Mi nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, wafanyakazi watano. Mwaka jana mteja alilipia nondo 40 za milimita 12 zikapakiwa 46, anayehesabu simu iko mkono wa kushoto anaangalia TikTok. Bahati mteja mwenyewe muungwana, akazirudisha kesho yake. Nilipandwa na hasira kweli, nikachukua ndoo tupu ya rangi ya lita 20 nikasema kuanzia leo simu zote humu, mtazichukua jioni.

Wiki mbili hazikuisha. Kwenye ndoo vikawa vinaingia vitochi, simu kubwa zinabaki kwenye soksi na kwenye pochi, mtu anaenda chooni anakaa dakika 20. Lakini kilichoniumiza ni dada wa kaunta, mwanae alizidiwa shuleni saa nne asubuhi, mwalimu kapiga mara kibao na simu iko kwenye ndoo haina sauti, mama kaja kujua saa kumi na mbili jioni. Mtoto alipona namshukuru Mungu, ila yule mama alivyonitazama siku ile sijasahau mpaka leo. Ndoo niliitoa.

Baadae nikataka niwe nachukua simu zao nasoma wanachati na nani, shemeji yangu anayefanya kazi za sheria ndio akanizuia. Akanisimulia kesi ya injinia mmoja wa Romania aliyefukuzwa 2007 kwa kuchati na mchumba wake na kaka yake kwenye Yahoo Messenger ya kazini, mwajiri akachapisha kurasa 45 za maongezi yake, kesi ikafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya na 2017 majaji wakasema faragha yake haikulindwa, kuchati alishakatazwa ndio, ila haikuonekana kama aliambiwa mapema kwamba meseji zake zitasomwa kiasi kile. Na huku kwetu Katiba ibara ya 16 inalinda mawasiliano binafsi ya mtu. Alafu kuna kanuni za utendaji bora za 2007 chini ya Sheria ya Ajira, zinasema kosa la kwanza halimfukuzishi mtu mpaka liwe zito kweli, na ukifika CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, utaulizwa kanuni yako ilikuwepo? inaeleweka? mfanyakazi aliijua? unaitumia kwa wote? Mimi kanuni ya kuandikwa sikuwahi kuwa nayo hata siku moja.

Kwaio tulikaa wote sita tukaandika. Mteja akiwa mbele yako au unahesabu mzigo, simu mfukoni, na mimi bosi nimo. Duka likanunuliwa simu yake, maana siku hizi mafundi wanatuma orodha ya vifaa WhatsApp na malipo yanaingia kwa simu, kijana alikua anafungua simu yake aangalie oda anakutana na video ndio anabaki hukohuko. Namba hiyohiyo ndio wamepewa walimu na ndugu kwa dharura. Na mapumziko ya mchana saa nzima kama sheria inavyotaka, sio ile nusu saa ya kula wali haraka nyuma ya mifuko ya saruji niliyokuwa nawapa. Naona hapa ndipo wengi tunakosea, mtu unamsimamisha toka asubuhi mpaka jioni, asipopewa muda wa kupumzika atauiba tu.

Kuna jambo dada wa kaunta aliniuliza kwenye kikao kile, bosi mbona we saa nne usiku unatutumia meseji kwenye grupu na unataka tujibu? Sikuwa na jibu. Siku hizi duka likifungwa grupu nalo limefungwa.

Sisemi yameisha. Kijana mmoja bado nimempa onyo la pili kwa maandishi wiki iliyopita na amesaini, akirudia nitamwita kwenye kikao ajieleze, na tukifika kuachana tutaachana kwa utaratibu. Wengine wanne wamebadilika, na nondo tangu hapo hazijazidi wala kupungua.

Ombi langu ni kwa maofisa kazi na halmashauri. Sisi wa maduka madogo hatuna ofisi ya rasilimali watu wala mwanasheria, na si kila mtu ana shemeji kama wangu. Tuandalieni mfano wa kanuni za kazi wa ukurasa mmoja, Kiswahili chepesi, kipengele cha simu kiwemo, mtu akija kukata leseni ya biashara apewe na ule aondoke nao.

Mwenye duka, Mwanza