Mama Neema, kabla hujaweka sahihi

Mama Neema mpendwa,

Pole sana, ndugu yangu. Ujumbe wako niliusoma jana usiku nikaurudia tena alfajiri, na hadi sasa kuna sentensi moja haijanitoka: "kidonda chenyewe wala hakiumi." Umeiandika kama habari njema. Mimi imeninyima usingizi.

Umeniuliza kama ukubali hiyo sindano ya seli shina, zile seli changa zinazosemwa zinaweza kugeuka seli za aina nyingine, unayoahidiwa kwa kidonda chako cha kisukari mguuni, kwa kuwa wanaokuuzia wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Umeniuliza mimi kwa sababu unajua nilimuuguza mama. Nitakujibu yote, ila vumilia nianzie kwake.

Mama yangu, naye mwenye kisukari kama wewe, alikuwa na kidonda palepale kilipo chako, chini ya kidole gumba, kwenye ule mnofu wa unyayo unaobeba uzito tunapopiga hatua. Nacho hakikuuma. Alikuwa akisimama jikoni, akipanda ngazi, akienda msibani, huku soksi imelowa. Mahali pa kwanza tulipompeleka walimbadilishia bandeji wiki hadi wiki kwa miezi mitano. Hakuna aliyemuuliza anatembeaje. Hakuna aliyeweka vidole juu ya mguu wake asikilize mpigo wa damu. Mimi mwenyewe niliyekuwa nikimfunga kila asubuhi sikujua kwamba kila kilichoota usiku alikuwa akikikanyaga mchana. Vidole viwili vilikatwa. Baadaye mguu huohuo ulifungwa plasta ngumu hadi chini ya goti, ya kutovulika, ikibadilishwa na fundi wake kila wiki, na kidonda kilichotushinda miezi yote ile kikafunga kwa wiki tisa.

Wiki tisa, Mama Neema, bila seli ya mtu yeyote.

Nilipotaka kuelewa kilichotokea ndipo nilipokutana na jina la Paul Brand, daktari wa upasuaji aliyewatibu wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India. Watu waliamini ukoma unaozesha miguu. Yeye akaona kwamba ugonjwa unaua mishipa ya fahamu, ganzi inaingia, na mtu asiyesikia maumivu anaendelea kukanyagia jeraha mpaka linamla. Aliwafunga plasta, vidonda vikapona. Baadaye akiwa Carville, Marekani, maarifa yaleyale yakatumika kwa wenye kisukari, maana ganzi ni ileile. Maumivu ndiyo yangekuchechemesha, na kuchechemea ndiko kungeupumzisha unyayo. Wewe huchechemei.

Ganzi si peke yake. Kisukari pia huharibu mishipa ya damu, midogo na mikubwa, na kidonda kisichofikiwa na damu hakina cha kujengea nyama. Halafu kuna jambo la tatu, na hapo ndipo seli shina zinapoingia. Kidonda cha mtu mzima wa afya huvimba siku chache, seli nyeupe zikasafisha uchafu, kisha zikabadili kazi na kuanza kuita ujenzi. Cha mwenye kisukari hukwama kwenye kuvimba. Wasafishaji hawaondoki, wajenzi hawaitwi.

Kwa hiyo wanasayansi wakafikiri hivi: tupeleke seli zinazojua kubadilisha amri. Wengi hutumia zile zinazotolewa kwenye uboho wa mfupa, kwenye mafuta ya mwili, au kwenye kitovu cha mtoto aliyezaliwa. Huenda umeambiwa kwamba zikiingia zinageuka kuwa ngozi mpya. Sivyo zinavyofanya kazi hasa. Nyingi hufa au hutoweka baada ya muda si mrefu. Kazi yao kubwa ni kutoa kemikali: za kutuliza uvimbe, za kuchochea mishipa mipya ya damu ichipue, za kuamsha seli za jirani zilizolala. Arnold Caplan, mwanasayansi wa Marekani aliyezipa seli za aina hii jina la seli shina mwaka 1991, baadaye mwenyewe alitaka jina hilo libadilishwe kwa sababu lilikuwa likiwapotosha watu. Ni wapeleka habari zaidi kuliko matofali.

Sikuambii haya ili kukukatisha tamaa. Nina matumaini nazo, tena ya dhati. Mwaka 2019 watafiti wa Korea Kusini walitoa matokeo ya wagonjwa 59 wenye vidonda vya kisukari miguuni. Nusu waliwekewa juu ya kidonda utando wenye seli shina zilizotolewa kwenye mafuta ya mtu mwingine, nusu wakawekewa utando usio na seli. Baada ya wiki 12, vidonda vilifunga kabisa kwa asilimia 82 ya waliopata seli, na asilimia 53 ya wasiopata. Tofauti hiyo si ndogo. Lakini itazame tena hiyo 53. Hao hawakupata seli hata moja, na zaidi ya nusu yao walipona kwa uangalizi wa karibu tu. Na watu 59 ni wachache mno kwa mtu kufungia ukurasa.

Kuna utafiti mwingine ninaotaka uuweke moyoni kuliko huo. Uholanzi, mwaka 2015, walitoa matokeo ya wagonjwa 160 ambao miguu yao ilikosa damu kwa kiwango kikubwa. Wengine walitiwa kwenye mshipa wa mguu seli za uboho wao wenyewe, mara tatu. Wengine wakatiwa dawa bandia, na mgonjwa hakujua amepata ipi. Miezi sita baadaye seli hazikuwa zimepunguza kukatwa miguu. Ila maumivu yalipungua na hali ya maisha ikaboreka kwa makundi yote mawili, hata kwa waliotiwa bandia. Ukinielewa hapo, utaelewa zile video za watu wanaoshukuru ulizonitumia. Sidhani kama wanasema uongo. Wamepata nafuu kweli. Ila mtu mmoja hawezi kujua peke yake nafuu yake imetoka wapi, iwe ni sindano, au ni kule kulazwa na kukaa wiki kadhaa bila kukanyaga.

Sasa hao wanaotaka sahihi yako. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza tiba ya aina hii ya seli, na ni kwa watoto waliopandikizwa uboho kisha uboho huo ukaushambulia mwili wao. Kidonda cha mguu hakimo. Hukohuko Marekani, mwaka 2018, watu 12 walilazwa kwa maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa zilizotokana na damu ya kitovu ambazo mamlaka haikuwa imeziidhinisha. Wewe mguu wako tayari una mlango ulio wazi.

Waulize, tafadhali, na usiogope kuonekana mbishi. Seli zinatoka wapi, na nani anazipima kabla hazijaingia mwilini? Hii ni tiba iliyoidhinishwa au ni utafiti? Kama ni utafiti, kibali cha kamati ya maadili kiko wapi, na kwa nini ulipie? Utafiti wa haki kwa kawaida haumtozi mgonjwa kwa kitu ambacho bado kinajaribiwa. Na swali ninalolijali zaidi: wamepima damu inavyofika kwenye kidole gumba? Si kwenye kifundo tu. Kwa mwenye kisukari mishipa ya kifundo huwa migumu, ikatoa kipimo kizuri cha uongo. Mama yangu alidanganywa na kipimo hicho hicho. Wasipokuwa na jibu la hilo, hawajautazama mguu wako, wametazama mkoba wako. Nisamehe kwa ukali huu.

Kama damu inafika vizuri na hakuna maambukizi, omba plasta ile au kiatu kirefu cha kutovulika. Kama haifiki, umwone daktari wa mishipa kwanza, maana mshipa ulioziba unaweza kufunguliwa, na plasta kwenye mguu usio na damu ni hatari. Nyama mfu na sugu pembeni zikwanguliwe na anayejua. Usijaribu wewe na wembe. Ukiona wekundu unapanda, harufu, au homa, usisubiri kesho, na usinipigie mimi kwanza. Nenda hospitali.

Haya yote yakifanyika na kidonda bado kimegoma, hapo tukae tuzungumze kuhusu seli, na tutafute pamoja utafiti wenye kibali unaopokea wagonjwa. Hata leo kuna tiba inayotumia damu yako mwenyewe: hutolewa kidogo, ikazungushwa kwenye mashine hadi chembe sahani, zile zinazogandisha damu, na seli nyeupe zikajipanga kama kipande cha ngozi, kikalazwa juu ya kidonda. Utafiti wa mwaka 2018 uliofanyika Uingereza, Denmark na Sweden uliona asilimia 34 wakipona ndani ya wiki 20, dhidi ya 22 waliopata huduma ya kawaida. Haiahidi makubwa, na ndiyo sababu mojawapo ninaiamini.

Jumamosi nitakuja. Nitakaa nawe siku kumi, kazini nimeshaomba ruhusa, kwa hiyo jikoni na ngazi niachie mimi. Mpaka nifike, mwambie Neema akuwekee kiti bafuni na kingine kando ya kitanda, na ukilazimika kusimama, simama kwa mguu usio na kidonda huku umeshika kitu.

Wako akupendaye,
Zuhura